Nataka kufundisha Kiingereza ng'ambo: nianze na cheti gani?

Asalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Fasihi katika sekondari moja ya binafsi hapa Arua. Nina miaka 28 na mtoto mmoja wa miaka minne ambaye mama yangu ananisaidia kumlea. Nina stashahada ya ualimu. Mshahara wangu kwenye karatasi ni shilingi 450,000 kwa mwezi, lakini karatasi hailiwi: muhula uliopita umekwisha na bado tunadai. Serikali ilipowapandishia walimu wa sayansi mwaka 2022, wenzetu wa masomo ya sanaa walibaki kutazama, na sisi wa shule za binafsi hata hatukualikwa kutazama.

Rafiki niliyesoma naye chuoni yuko Thailand, anafundisha Kiingereza shule ya msingi. Aliniambia nitafute "TEFL". Nimetafuta kwenye simu, na tangu siku hiyo matangazo yananifuata kila nikifungua Facebook. Kuna cheti cha saa 120 kwa dola 29 badala ya dola 400, ofa inaisha usiku wa leo. Kesho yake ofa bado ipo palepale. Kuna kingine kinaitwa CELTA, wanataka zaidi ya pauni 1,000 kwa mwezi mmoja wa masomo. Sielewi kwa nini kimoja kiwe bei ya jogoo na kingine bei ya ng'ombe kadhaa, na vyote vinasema vitanipa kazi ileile.

Halafu kuna kaka mmoja wa Kampala, ni wakala. Anasema China wanawahitaji walimu sana, digrii hawaulizi, nitaingia kwa viza ya biashara halafu shule itanibadilishia nikiwa hukohuko. Anataka shilingi milioni saba, nusu yake kabla ya mwisho wa mwezi. Mama yuko tayari kuuza kiwanja alichotuachia marehemu baba kule Onduparaka, na SACCO ya walimu itanikopesha zitakazopungua.

Shangazi, nichukue cheti kipi? Huyu wakala nimwamini? La tatu ndilo linaloniuma zaidi: wapo wanaoniambia kwamba hata nikiwa na vyeti vyote, pasipoti ya Uganda itanikwamisha kwa sababu Kiingereza si lugha yangu. Mimi nimesoma kwa Kiingereza tangu nikiwa mdogo, nafundisha kwa Kiingereza, na ndicho kinachonilisha. Ni kweli wanayosema?

Mwalimu wa Zamu, Arua

*

Wa aleikum salaam, mwanangu Mwalimu wa Zamu,

Zamani shangazi aliulizwa mambo ya ndoa. Siku hizi nusu ya barua zangu ni za viza, na sijui kama huko ndiko kuendelea ama kurudi nyuma. Tuingie kazini.

Naanza na wakala kwa kuwa mwisho wa mwezi hausubiri. Usimpe hata shilingi. China mtu wa kigeni haingii kwa viza ya biashara akaanza kufundisha. Viza ya kazi huko ni ile ya herufi Z, na unaiomba ukiwa bado kwenu, baada ya mwajiri kukuombea kibali. Sheria yao ya uhamiaji inasema anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Anaweza pia kurudishwa kwao. Zaidi ya hapo, anayeajiriwa kufundisha Kiingereza huko kwa kawaida anatakiwa awe na shahada ya kwanza na awe raia wa nchi ambayo wao wanaihesabu kuwa Kiingereza ndiyo lugha ya mama. Wewe huna hilo la kwanza, na la pili hulipati. Kwa hiyo kaka wa Kampala anakuuzia safari ya kwenda kujificha. Shule inayokuficha ikikata mshahara wako, utakwenda kumshtaki kwa nani? Polisi?

Lipo baya zaidi ya hilo. Kwa miaka ya karibuni vijana wa Uganda wamesafirishwa hadi Bangkok, Thailand, kwa ahadi ya kazi nzuri za ofisini na za kompyuta, kisha wakavushwa mpaka usiku na kuingizwa Myanmar, kwenye makambi ya kutapeli watu mtandaoni. Huko walinyang'anywa pasipoti na kupigwa. Sisemi rafiki yako ni mwongo. Thailand yapo maelfu ya mashule yenye walimu wageni halali. Nasema njia ni moja, na anayekupeleka ndiye anayejua atakushusha wapi. Kampuni za kupeleka watu kazini nje zinapewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Nenda ama piga simu, uulize kama jina la kampuni yake limo. Kama halimo, mazungumzo yameisha. Kama limo, bado dai mkataba wenye jina la shule, neno "mwalimu", mshahara na aina ya viza, na uombe kuzungumza na mkuu wa shule hiyo uso kwa uso kwenye simu. Shule ya kweli itataka yenyewe kukusikia unavyoongea kabla ya kukuajiri. Inaajiri mwalimu wa lugha, itakosaje kutaka?

Sasa lile linalokuuma. Waliokuambia habari ya pasipoti hawakukudanganya, ila wamekuambia nusu.

Korea Kusini hutoa viza ya mwalimu wa Kiingereza, iitwayo E-2, kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Uganda haimo, na hakuna cheti duniani kitakachoiingiza. Uingereza nayo ina orodha yake ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani wa lugha wakiomba viza. Humo hakuna hata nchi moja ya Afrika. Kijana wa miaka 22 aliyemaliza shahada ya jiografia huko Manchester, ambaye hajawahi kushika chaki, anatangulia mbele yako wewe unayesimamia darasa la watoto tisini. Ni dhuluma, na sitaipamba. Lakini dhuluma iliyoandikwa kwenye kanuni za viza huiondoi kwa kununua cheti, kiwe cha dola 29 ama cha pauni 1,000. Ndiyo maana nakwambia: chagua nchi kwanza, soma masharti yake ya viza, ndipo ufikirie cheti. Wengi wanaanza na cheti kwa sababu ndicho kinachouzwa.

Zipo nchi zinazohesabu tofauti. Japani, kwa viza ya mwalimu wa lugha, huuliza kama umesoma kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Wewe una miaka saba ya msingi na sita ya sekondari, kisha chuo. Hesabu inakubeba, mradi shule zako zithibitishe kwa maandishi kwamba zilifundisha kwa Kiingereza. Hapo uwe mwangalifu, maana tangu 2007 mtaala wetu unataka darasa la kwanza hadi la tatu vijijini wafundishwe kwa lugha ya mahali, na anayekagua anaweza kuuliza. Thailand nayo haijafunga mlango kwa pasipoti yetu. Asiye mzawa wa nchi za Kiingereza anatakiwa aonyeshe matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS, awe na shahada na rekodi safi ya polisi, na Baraza la Walimu la huko limpe leseni ama kibali cha muda. Basi mwandikie rafiki yako. Usimuulize kama anafurahia maisha. Muulize viza iliyogongwa kwenye pasipoti yake ni ya aina gani, kama ana kibali cha kazi mkononi, na jina lake limo katika leseni ama shule inampeleka mpakani kila baada ya miezi michache kugonga muhuri upya. Majibu hayo yatakufaa kuliko picha za ufukweni.

Umeona neno linalorudi? Shahada. Mwanangu, kinachokuzuia zaidi ya pasipoti ni stashahada yako. Si kwamba haina thamani. Ni kwamba afisa wa viza hana kisanduku cha kuiweka. Na hata ukibaki hapahapa, Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada. Kwa hiyo kama kuna masomo ya kukopea SACCO, ni haya. Walimu wengi wenye stashahada wanasoma shahada ya ualimu wakati wa likizo za shule bila kuacha kazi. Chuo Kikuu cha Kyambogo kina mpango huo, na ulizia pia vyuo vikuu vilivyo karibu nawe. Itakuchukua miaka kadhaa, najua. Wakala angekupeleka baada ya wiki tatu, na huko ndiko kungekuwa kukawia kwa kweli.

Sasa tuje kwenye vyeti vyenyewe. TEFL ni jina la kazi tu, kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. Hakuna ofisi moja duniani inayoisimamia, na zile "saa 120" mtu yeyote mwenye tovuti anaweza kuziandika. Cheti cha dola 29 mara nyingi ni kurasa za kusoma na maswali ya kuchagua a, b, c; unakipata bila kusimama mbele ya mwanafunzi hata mmoja. Sikiiti sumu. Nchi nyingine zinataka karatasi tu kwenye faili, na karatasi hiyo itatosha. Ila usidhani kimekufunza kazi.

CELTA ni ya Cambridge, chuo kikuu cha Uingereza. Ina saa zisizopungua 120 pamoja na wakufunzi, na ndani yake unafundisha saa sita wanafunzi wa kweli, watu wazima wa viwango viwili tofauti, huku mkufunzi amekaa nyuma na kalamu. Kuna kazi nne za kuandika. Ukisoma kutwa unamaliza kwa wiki nne au tano, na usipange kufanya kitu kingine chochote, hata harusi ya binamu. Ndugu yake ni CertTESOL ya Trinity College London: saa zisizopungua 130, saa sita za kufundisha, na jambo moja ninalolipenda, kwamba mwalimu mwenyewe anafundishwa lugha asiyoijua kabisa, aonje ujinga wa mwanafunzi wake. Vyote viwili vimewekwa ngazi ya 5 katika mfumo wa vyeti wa Uingereza, chini ya msimamizi wa serikali aitwaye Ofqual. Hakuna kinachodai uwe mzawa wa London. Wanakupa maswali ya lugha, wanakuhoji, wanapima Kiingereza chako. Tangu 2020 CELTA inaweza kusomwa yote mtandaoni, pamoja na yale mazoezi ya kufundisha. Ada, ukiigeuza kwa shilingi zetu, inakaribia milioni tano ama kuzidi, kutegemea kituo.

Nikueleze unacholipia, kwa sababu hapa ndipo walimu wetu wazuri wanapojikwaa. Sisi tumezoea darasa kubwa na sauti kubwa. Mwalimu anaongea karibu kipindi chote, watoto wananakili, halafu tunauliza "Mmeelewa?" na darasa zima linaitika "Yes, teacher", hata aliyelala. Kwenye CELTA sentensi hiyo itakupunguzia alama. Watakutaka uulize swali linaloonyesha kama mtu ameelewa. Umefundisha kwamba mtu fulani zamani alivuta sigara na sasa ameacha. Unauliza: je, leo anavuta? Je, zamani alivuta? Jibu fupi, na unajua papo hapo nani yuko nawe. Watakutaka uwape wanafunzi kazi ya wawili wawili, kisha unyamaze. Kunyamaza ni kugumu kuliko unavyofikiri. Utapita kimya katikati ya meza, ukisikiliza makosa na kuyaandika, na mwishoni unayaweka ubaoni bila kutaja aliyeyasema. Mwalimu aliyezoea kuwa redio ya darasa huumia wiki ya kwanza. Anayevumilia anatoka mwalimu mwingine, na faida yake inawafikia hata watoto wa Arua.

Lakini huhitaji pauni 1,000 kuanza kujifunza hayo, na hapa ndipo ninaona umelalia bahati. Wewe unaishi Arua! Wakongo wanavuka kila siku kutoka Aru na Ariwara, kwa biashara, kwa matibabu, kupeleka watoto shule. Wamesoma kwa Kifaransa, wanaongea Kiswahili na Kilingala, na Kiingereza wanakihitaji ili wasipunjwe sokoni. Hao ndio wanafunzi wa Kiingereza kama lugha ya kigeni, kama vile mtu angekuletea Bangkok nyumbani. Kambi za wakimbizi za Rhino Camp na Imvepi zimejaa watu wazima kutoka Sudan Kusini, wengi wanaozungumza Kiarabu cha Juba. Tafuta watu wanane, omba chumba msikitini ama kanisani jioni, toza kidogo ili waheshimu muda. Jilazimishe kufundisha bila kukimbilia Kiswahili, ingawa utashikwa na tamaa. Tunza daftari la mipango ya masomo na mahudhurio, na baada ya miezi kadhaa omba barua kwa aliyekupa chumba. Siku ya mahojiano, mwombaji aliyefundisha watu wazima wasiojua "good morning" ana la kusimulia kuliko aliyebofya a, b, c. Uliza pia mashirika yanayoendesha masomo ya watu wazima kambini kama yanahitaji mwalimu.

Majirani je? Usiwadharau. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Burundi ilikifanya lugha rasmi mwaka 2014. Sudan Kusini kimekuwa lugha rasmi tangu uhuru wa 2011, na walimu wa Uganda wamejaa Juba. Soko la pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010. Rwanda, Kenya na Uganda zimefutiana ada ya kibali cha kazi, na mpaka unauvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mshahara wa Kigali hautakufanya tajiri, lakini utakuwa mwalimu halali mwenye miaka miwili ya kazi nje ya nchi kwenye wasifu wako, na mtoto unaweza kumwona likizo. Juba nisingekusukuma bila shule kukupa nyumba salama kwa maandishi.

Kufundisha mtandaoni nakutajia kwa haraka. Mwezi Julai 2021 China ilipiga marufuku biashara ya masomo ya ziada kwa sehemu kubwa, ikiwemo kuajiri walimu walioko nje ya nchi, na kampuni kubwa zilizoajiri kwa wingi zikaanguka. Anayekuahidi bado mamilioni ya watoto wa China kwenye skrini anauza habari ya jana. Yapo majukwaa kama Preply yanayopokea mwalimu wa nchi yoyote bila kudai digrii, lakini somo la kwanza la kila mwanafunzi wanachukua malipo yote, na baadaye wanakata kati ya asilimia 33 na 18 kadiri saa zako zinavyoongezeka. Humo unaweza kufundisha Kiswahili pia, ambako hakuna atakayekuuliza kama ni lugha yako. Tatizo lako litakuwa umeme.

Karatasi zianze kuandaliwa mapema, maana ndizo huchelewesha watu. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000. Matokeo yako yathibitishwe na UNEB, baraza la mitihani la taifa, na chuo chako, cheti cha tabia njema kinatolewa na ofisi ya Interpol ya polisi Kampala, na vyeti vinavyokwenda nje vinagongwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kupelekwa ubalozi wa nchi unayokwenda. Hayo yote unayafanya wewe mwenyewe kwa miguu yako. Wakala akikuambia ni siri za ofisini, anakutoza nauli ya bodaboda kwa bei ya ndege.

Kwa mama, mwambie Shangazi amesema kiwanja kibaki. Kama alikwisha kumpa yule kaka chochote cha kuonyesha nia, omba irudishwe kwa maandishi, na ujumbe wake wa simu usiufute. Ukienda polisi ndio ushahidi. Kisha andaa somo moja la saa nzima kwa Wakongo wanane wasiojua Kiingereza, juu ya kuulizana bei sokoni, na uniletee mpango wake. Nitausoma kwa kalamu nyekundu.

Shangazi